Jina la Venya

Krutoi Log, 14 Novemba 1982

Dada yangu Taisia,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako Gleb, na za Arkasha, ambaye amesimama nyuma yangu anatafuna mkate na kunidondoshea makombo kwenye karatasi. Anasema, "Mwambie mama mkubwa nimekua, asije akanipita njiani bila kunijua." Kukua kwenyewe si sana, bado ni mfupi kama mimi. Kabichi nimeshaitia chumvi, viazi mwaka huu vimetoka vidogo lakini vingi. Gleb bado yuko kiwandani kwenye tanuri la chuma, na kifua chake kinakoroma hata akiwa macho. Mambo yake mengine ni yale yale, sina la kuongeza. Shemeji Ilya anaendeleaje? Ameshuka kutoka kambi ya magogo, au bado?

Najua nimenyamaza mno. Tulipotoka makaburini uliniambia nisikuambie neno lolote, nikatii, na kutii kukageuka mazoea. Nimeanza barua nyingi, zote zimeishia jikoni kuwashia moto. Nisamehe kwa hilo.

Sasa kuna jambo limenikaa kooni. Timu ya vijana wa mtaa wetu, hawa wanaocheza hoki kwenye barafu tunayoimwagilia maji wenyewe nyuma ya majengo ya kiwanda, imeshinda jimbo zima. Usicheke. Imewafunga hata wale wa mjini wenye makocha wa kulipwa na viatu vipya vya kutelezea. Februari wanakwenda fainali za vijana za nchi nzima. Arkasha ndiye mfungaji wao. Mzee Fomich wa ghorofa ya chini, ambaye maishani mwake amemsifu mbwa wake tu, juzi kanisimamisha kwenye ngazi: "Rimma, mwanao ana macho miguuni."

Tatizo ni umri. Wanaoruhusiwa ni waliozaliwa kuanzia Januari sitini na nane, na Arkasha wangu alizaliwa Desemba sitini na saba. Wiki tatu tu, dada! Huku jimboni hakuna aliyekagua, lakini kwenye fainali vyeti vya kuzaliwa vinafunguliwa mezani, kimoja kimoja. Kila timu ina dawa yake. Mtoto aliyezidi umri huazimwa cheti cha mdogo wake au cha binamu, anacheza kwa jina hilo wiki moja, kisha cheti kinarudi kabatini na maisha yanaendelea. Makocha wanaita kuazima koti. Kocha wetu Nikifor Savvich ameniambia, "Nitafutie koti la mwaka sitini na nane, la ukoo mwingine, na liwe la mbali."

Venya alizaliwa Mei sitini na nane.

Haya, nimeandika. Nimelia nikiandika, lakini nimeandika. Naomba cheti cha Venya kwa wiki moja.

Mdogo wako,
Rimma


Nizhni Plyos, 20 Desemba 1982

Rimma,

Barua yako ilifika mwezi uliopita, nimekaa nayo. Ilya yuko kambini, hashuki ila kufuata soksi. Mimi nauza mkate pale pale dukani. Bibi Praskovya wa nyumba ya pili amefariki, wewe ulikuwa ukimpenda. Bomba la duka limepasuka kwa baridi, tunayeyusha theluji kuchemshia chai. Hizo ndizo habari zetu.

Unaniomba cheti cha mwanangu, na unakiomba kwa ajili ya hoki. Umesahau alivyokufa, au unajifanya? Ilikuwa Aprili, barafu ya mto imeshalegea, watu wazima hawaikanyagi. Kile kisahani chao cheusi wanachokipiga kwa magongo kiliteleza kikaenda katikati, naye akakifuata. Wenzake wanasema alikuwa anacheka. Tangu siku hiyo nikisikia watoto wanagonganisha magongo nje, nafunga dirisha na kufungulia redio hadi mwisho.

Mwaka na nusu hukuandika kuuliza hata kama nakula. Leo umeandika, na umeandika kuomba.

Jibu ni hapana. Mtoto wako mkubwa mno kwa mashindano hayo, basi abaki nyumbani. Kuna watoto wamebaki pabaya zaidi ya nyumbani.

Swali moja tu, la kutaka kujua. Huko kwenye fainali, mtoto akifunga, jina lake linatajwa kwenye kipaza sauti?

Taisia


Krutoi Log, 6 Januari 1983

Dada Taisia,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa shemeji. Sisi tumeupokea hivyo hivyo. Gleb aliuangusha mti wa sikukuu pamoja na mapambo yake, tukafagia vigae hadi asubuhi. Mkono wangu umejigonga kwenye mlango, ndiyo maana mwandiko unalala. Bibi Praskovya nimemlilia. Alikuwa akitupa mbegu za alizeti mfukoni, unakumbuka?

Ndiyo, wanataja. Kuna mtu wa kipaza sauti, na kila bao anasema jina la ukoo, kisha jina la mtoto, mara mbili, uwanja mzima unasikia. Na magazeti yanaandika.

Sikuandika kila kitu barua ile, naandika leo. Kostya, mtoto wa jirani yangu Valya, amerudishwa nyumbani ndani ya sanduku la bati lililochomelewa. Valya alilala juu yake akisema, "Nifungulieni, nitajuaje kama ni yeye?" Hawakufungua. Unajua amerudi kutoka vita gani, siwezi kuandika. Kostya alikuwa anakuja hapa kuazima pampu ya baiskeli.

Arkasha atachukuliwa jeshini baada ya miaka mitatu. Hapa kwetu kijana wa kiwandani anapelekwa popote. Lakini wanaong'aa kwenye fainali huchukuliwa na shule za michezo, na wa shule za michezo jeshi linawaweka kwenye timu zake, wanapigania kisahani basi. Kwa hiyo siombi medali, dada. Naomba mwanangu asirudi ndani ya bati.

Fainali ni Februari. Ukikataa tena nitaelewa, na sitakusumbua.

Rimma


Nizhni Plyos, 22 Januari 1983

Rimma,

Sisi wazima. Kijitabu cha cheti kimo humu, cha kijani. Kona imekunjika, aliikunja mwenyewe akiwa mdogo. Usiinyooshe.

Ilya hajui na asijue.

Akiitwa jina hilo ageuke mara moja, asisite. Venya alikuwa anageuka mara moja. Asitukane refa. Akifunga, niandikie alivyofunga na jinsi walivyomtaja, usiruke kitu. Cheti kirudi kwa posta ya rejesta, si kwa bahasha ya kawaida.

Na huo mlango uliokugonga mkono, uangalie usije ukakugonga kichwa.

Taisia


Krutoi Log, 28 Februari 1983

Dada yangu, dada yangu,

Mabingwa! Wa nchi nzima! Niko nyumbani tangu jana, sijafua, sijapika, Gleb ananuna, na mimi nakuandikia wewe kwanza. Shemeji hajambo? Wewe hujambo? Haya, sikiliza.

Nilikwenda nao kama mpishi na mfuaji wa jezi. Mji wenyewe uko kando ya Volga, una uwanja wa barafu wenye paa. Vijana wetu walipoingia wakasimama wote mlangoni. Tolik, rafiki yake Arkasha, akauliza, "Sasa humu theluji inafagiliwa na nani?" Hawajawahi kuona barafu isiyofagiliwa kwa sepeto.

Kwenye treni walimfundisha jina la cheti, Veniamin Kosikh. Akilala, mmoja anapiga kelele, "Kosikh!" na asipoamka anamwagiwa chai ya baridi. Siku ya pili akawa anaruka kabla hawajamaliza kutamka. Kocha alimpeleka chooni akamnyoa vile vinywele vya juu ya mdomo, na tangu hapo wenzake wanamwita bwana harusi. Mezani mama wa miwani alikifungua kijitabu, akamtazama, akasema, "Mdogo huyu kwa umri wake. Hamumlishi?" Nikataka kumbusu.

Mechi ya kwanza nusura tuumbuke. Tolik akasahau, akapiga kelele katikati ya barafu, "Arkasha, nipe!" Kocha wa wenzetu akasikia. Akamgeukia Nikifor Savvich: "Arkasha ndiye nani? Sina Arkasha kwenye orodha yenu."

"Mbwa wa Tolik," Nikifor Savvich akajibu bila kupepesa. "Akichanganyikiwa anamwita mbwa wake."

Yule akacheka mpaka akakohoa. "Basi hata mimi nina mbwa wawili pale uwanjani. Yameisha."

Fainali yenyewe tulicheza na vijana wa Siberia, mapande ya watu. Walimbamiza Arkasha kwenye mbao za kando ya barafu mara tatu, ya tatu akakaa chini na damu puani. Tulikuwa tumefungana. Mwishoni kabisa kisahani kikagonga nguzo kikarudi. Wote walidhani kimetoka, wakainua vichwa, yeye peke yake akaendelea kukimbia. Akakisukuma chini ya mkono wa golikipa, taratibu tu, kama mtu anayesukuma barua chini ya mlango. Kisha kile kipaza sauti: "Bao limefungwa na Kosikh, Veniamin. Kosikh, Veniamin." Watu elfu kadhaa, dada, wanapiga miguu na kuimba, "Ko-sikh! Ko-sikh!"

Na aligeuka. Mara ya kwanza tu, akageuka.

Nililia, na mwanamke wa pembeni akaniuliza, "Wako huyo?" Sikujua ninamlilia nani kati ya wawili.

Baada ya medali watu wawili wenye makoti marefu walimvuta kocha pembeni. Tutaona. Cheti bado kiko kwa Nikifor Savvich, nitakirudisha karibuni.

Rimma wako


Nizhni Plyos, 25 Machi 1983

Rimma, mdogo wangu,

Pole na safari, na hongera. Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kuchanika mkunjoni. Hapa barafu ya mto bado imeshika. Mbuzi wetu amezaa mapacha.

Gazeti lilifika kabla ya barua yako. Glafira wa posta aliingia dukani bila kufunga mlango, baridi yote ikaingia naye, akasema, "Taisia, kaa kwanza." Kwenye picha amevaa kofia ya kinga, uso hauonekani, lakini jina liko pale kwa herufi nzito. Wanawake wa kwenye foleni wakasogea kulitazama. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Jamaa yenu, eti? Majina yamelingana?"

Nikamjibu, "Ni wetu." Nikaendelea kukata mkate.

Jumamosi Ilya akashuka kutoka kambini bila kutumwa na mtu. Alikuwa na gazeti lile lile ndani ya koti. Akalitupa mezani. "Nani amefanya mzaha huu?" Nikamweleza yote, nikajua atanipiga au ataondoka moja kwa moja. Akalinyoosha gazeti mezani. Kisha akauliza, "Kwa jumla kafunga mangapi?"

"Matano."

Akavua buti zake. Rimma, hajarudi kambini hadi leo. Anakula nyumbani. Jana kaniambia nifungue dirisha, watoto walikuwa wanacheza mtoni, tukakaa tukasikiliza magongo yao, na sikufungulia redio.

Kijana aje huku kiangazi. Kitanda kipo, sijakitoa. Kuhusu cheti, sikuulizi.

Dada yako,
Taisia


Krutoi Log, 17 Aprili 1983

Dada mpendwa,

Nimefurahi kwa ajili ya shemeji, nimefurahi kweli. Mbuzi mapacha ni baraka. Sisi hatujambo. Gleb kafukuzwa zamu mbili, kisha wamemrudisha.

Arkasha amechukuliwa, dada. Shule ya michezo ya bweni, kule kule kando ya Volga, chakula bure, viatu bure, na timu ya jeshi ndiyo inayowalea. Nilipoambiwa nilikaa kwenye ngazi za jengo na Fomich akaniletea maji. Lakini wamemchukua kwa orodha ya mashindano. Wamemchukua Veniamin Kosikh.

Hatukulifikiria hilo, si mimi wala Nikifor Savvich. Sote tuliwaza wiki moja tu. Nilimwambia, "Nenda uwaambie ukweli, wabadilishe jina." Akanitazama kama mgonjwa. "Rimma, nikisema ukweli medali zinarudi, vijana wote kumi na saba wanafutwa, mimi napelekwa mahakamani, na huyu wako haingii tena uwanja wowote wa barafu. Atakwenda tanurini, na kutoka tanurini unajua atapelekwa wapi." Valya alikuwa anapita na ndoo yake. Tangu Kostya arudi hamsalimii mtu.

Kwa hiyo itabidi awe Venya, si kwa wiki. Huku nimewaambia watu amehamia kwenu kusoma.

Shule inataka barua ya ridhaa iliyoandikwa na mama mzazi kwa mkono wake. Mama mzazi wa Veniamin Kosikh ni wewe. Mwandiko wako naujua, ningeweza kuuiga, nilikaa na kalamu usiku mzima nikashindwa. Nakuomba uandike. Wanaihitaji kabla ya Julai.

Niandikie hata kama ni kunitukana.

Rimma


Nizhni Plyos, 30 Juni 1983

Rimma,

Barua zako zote tatu zimefika. Nilikuwa nafikiri. Tuko wazima, nyasi zimerefuka, Ilya ananoa miundu.

Ridhaa nimeiandika na nimeipeleka moja kwa moja shuleni. Mkuu wa shule ameshanijibu, barua nzuri, ameandika "Mama mpendwa wa Veniamin." Ameuliza kama mtoto amewahi kuugua masikio. Nimemjibu kwamba hakuwahi.

Sasa sikiliza. Kwenye karatasi kuna mama mmoja, na iwe hivyo nje ya karatasi pia. Barua za watoto pale zinafunguliwa na mlezi wa bweni. Ukimwandikia "mwanangu Arkasha" umemuua kwa mkono wako. Usimwandikie. Ukitaka kujua habari zake, uliza kwangu, nitakuambia. Likizo atakuja hapa, maana ndiko nyumbani kwao kwa mujibu wa shule. Nimemtumia nauli.

Wewe ndiye uliyekuja kuomba. Mimi nilikataa.

Taisia


Krutoi Log, 19 Agosti 1983

Dada Taisia,

Salamu kwako na kwa shemeji. Uyoga mwaka huu ni mwingi, nimekausha kamba mbili, moja ni yenu. Nimeyakubali uliyoyaandika. Sina ninaloweza kuyafanya ila kuyakubali.

Lakini lazima nikuambie jambo kabla hajakuambia yeye. Nilijua treni ya vijana wa shule itapita kituo cha mkoa ikienda kaskazini. Nilikwenda. Nilioka mikate ya kabichi ile anayoipenda, nikasimama tangu asubuhi. Treni ikasimama kidogo tu. Nikamwona mlangoni mwa behewa la tatu, ana koti la shule, amenyolewa vizuri, amenenepa mashavu. Mlezi wao alikuwa amesimama chini anavuta sigara.

Nilimwita, "Arkasha!" Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu, abiria wakanitazama. Alikuwa anaongea na mwenzake, hata bega halikutikisika. Nikasogea, nikasema, "Venya."

Akageuka mara moja.

Akaniona, uso ukampauka. Mlezi akamuuliza, "Ni nani huyu?" Na mwanangu akasema, "Jirani yetu wa zamani." Nikamkabidhi mikate. Nikasema, "Wanakusalimu nyumbani." Akasema, "Ahsante, mama." Alisema hivyo kama mtu anavyomwambia muuzaji yeyote kituoni.

Simlaumu. Amefanya vizuri, amefanya vile vile tulivyomfundisha na chai ya baridi. Ila nimerudi nyumbani na siwezi kula.

Naomba jambo moja. Mwaka mpya mruhusu aje kwangu, siku mbili, usiku aingie, usiku atoke. Nitafunga mapazia.

Rimma


Nizhni Plyos, 12 Novemba 1983

Rimma,

Habari zetu ni njema. Kiangazi alikaa nasi wiki tano. Ilya alimfundisha kufyeka nyasi, mikono ikamtoka malengelenge, hakulalamika. Analala kitanda cha ukutani. Mwanzoni kijijini walinong'ona, nikawaambia ni mpwa wangu, tunamwita Venya kwa kumbukumbu. Watu wa hapa wana huruma, wanamwita hivyo hivyo.

Jioni moja kaniambia jambo ambalo wewe hukuliandika. Kwamba ulikuwa na makoti mawili ya kuchagua. Kulikuwa na mtoto wa shemeji yako, aliye hai, na kulikuwa na wangu. Na kocha wako akasema, "Chukua la aliyekufa, huyo hatatokea uwanjani kudai koti lake." Na wewe ulikuwa jikoni unamenya viazi, hukumwambia afunge mdomo. Ulisema, "Haya."

Basi ametokea, Rimma.

Wiki iliyopita nilikwenda siku ya wazazi. Siku mbili za treni, nilivaa koti la mazishi kwa sababu ndilo zuri nililonalo. Mkuu wa shule alinishika mikono miwili, akaniambia nimezaa kijana wa ajabu. Wakacheza mechi. Alipotoka kwenye barafu, jasho linamtiririka, wazazi wote wamesimama pale na mlezi yuko karibu, akaja moja kwa moja hadi kwangu akasema, "Mama, umeona?"

Nikamwambia nimeona. Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu Aprili ile, na sikujali limetoka kinywa gani. Unaweza kuniita mwizi. Nimejiita hivyo kabla yako.

Mwaka mpya haiwezekani. Mtu mmoja tu akimwita jina lake hapo mtaani, mtoto mmoja tu akimkimbilia, yote yamekwisha, na unakujua atakakopelekwa. Nakuambia hivyo kwa sababu ni kweli. Sababu yangu nyingine unaijua pia.

Aliuliza kama mkono wako umepona. Nikamwambia umepona.

Taisia


Krutoi Log, 3 Desemba 1983

Dada Taisia,

Nakusalimu, namsalimu shemeji. Theluji imeshashika, wiki hii tumeanza kumwaga maji nyuma ya majengo, nami nimeshika zamu yangu ya ndoo ingawa sina tena mchezaji. Gleb yuko hospitali ya kiwanda, kifua.

Ni kweli nilisema "Haya." Sina la kujitetea.

Juzi walikuja watu wawili wa ofisi ya jeshi. Wanaandikisha vijana wote wa mwaka sitini na saba wa majengo haya. Wakauliza Arkadi, yaani Arkasha wangu, yuko wapi. Nilijua nikisema yuko kwenu watawaandikia, nao wa kwenu watamtafuta. Nikasema aligombana na baba yake akatoroka, sijui aliko. Yule mkubwa akaniuliza, "Mama gani asiyejua mwanawe aliko?" Wakaandika hajulikani alipo, wakanigeuzia karatasi, nikatia sahihi. Valya alikuwa mlangoni pake anasikiliza. Walipoondoka akaja, mara ya kwanza tangu msiba wake, akakaa nami jikoni. Hakuniuliza chochote.

Sasa naomba uyajue haya, maana hakuna mwingine wa kuyajua. Koo lake likianza kukwaruza, usingoje, mpe maziwa ya moto na asali siku hiyo hiyo, ukichelewa anapata homa. Hali ganda la maziwa, litoe. Akinyamaza sana si hasira, ni njaa. Na akiwa amelala usimwamshe kwa kumshika bega, ataruka na kujikinga uso. Hilo alilipata hapa kwetu. Simama mbali, umwite kwa jina.

Umwite jina lile analogeukia.

Sitaomba tena kumwona. Ukinitajia tu kwamba yu mzima, hata mstari mmoja chini ya barua, itanitosha.

Msalimie mwanao.

Mama yake mdogo,
Rimma